Mwalimu, "luggages" ina kosa gani?

Mengi ya maswali ya wiki hii yanahusu msamiati wa Kiingereza. Nimeyafupisha kidogo.

Nakariri maneno ishirini kila siku pamoja na maana zake kwa Kiswahili. Ikifika Ijumaa yamebaki manne. Niko Form Four. (Mwanafunzi, Kisauni)

Punguza, mwanangu, yawe matano. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Tena, kurudia kwa siku mbalimbali kunashika kuliko kukesha mara moja. Kwa hiyo rudia kesho, kisha keshokutwa, kisha wiki ijayo, huku maana ya neno umeifunika kwa kiganja.

Halafu kila neno liandikie sentensi. Ile cloze test ya alama 10 kwenye Paper One ya Kiingereza ya KCSE haikuulizi maana. Inakupa kifungu chenye mapengo, nawe ujue neno gani hukaa na lipi. Aliyekariri kwamba "depend" ni kutegemea anaweza kuandika "depend to". Aliyeandika "The fishermen depend on the tide" ameshaiona ile "on" mahali pake.

Nahudumu hotelini Bamburi. Mgeni alijikwaa ngazini, nikamwambia "Sorry!" Akanitazama, akauliza "What for?" Nilikosea wapi?

Adabu yako haina kasoro, kakangu. Ulitoa pole, yeye akasikia umeomba radhi. Pole yetu ni pana: tunampa aliyefiwa, mwenye mafua, anayetoka kazini, hata aliyekatikiwa na ndara. "Sorry" ikisimama peke yake, wageni wengi huichukua kuwa ni kukiri kosa. Ikitumiwa kufariji, kwa kawaida hufuatwa na maneno mengine: "I'm sorry to hear that" kwa mwenye habari mbaya, "I'm sorry for your loss" kwa mfiwa. Aliyejikwaa muulize "Are you all right?" huku unamsogelea. Na "pole na kazi" usihangaike kuitafutia tafsiri. Sema "You must be tired", umletee maji.

Jikoni kwenu endelea na "sorry" yako, Wakenya wote tunaielewa. Ila daftarini usiandike "sorry = pole" ukafunga ukurasa. Andika tukio, kisha kinachosemwa kwenye tukio hilo.

Nilimwandikia abiria risiti ya "three luggages", akacheka. Kwani mizigo si mitatu? (Karani wa basi, Mwembe Tayari)

Ni mitatu, naye angekueleza badala ya kucheka. "Luggage" haihesabiki wala haipokei "s". Andika "three bags" au "three pieces of luggage". Wenzake ni "furniture", "advice", "information" na "equipment".

Binti yangu wa Grade Six kila siku "Borrow me your pen". Nimerekebisha hadi nimechoka. (Mama, Majengo)

Mamangu, kosa hilo amelitoa kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Sisi kuazima kunakwenda pande zote mbili: naazima sufuria kwa jirani, na jirani akija namwazima yangu. Kiingereza kimegawa kazi hiyo: mwenye kitu ndiye wa "lend", mwenye shida ndiye wa "borrow".

Ukimweleza kwa maneno atasahau. Weka kalamu mbele yako, aombe kwa njia mbili kabla hujampa: "Can you lend me your pen?" kisha "Can I borrow your pen?" Sentensi inayoanza na "Can you" ina "lend", inayoanza na "Can I" ina "borrow". Akikosea, kalamu haitoki. Afanye hivyo hivyo kwa rula na kwa simu yako, hasa simu, maana hiyo ataiomba sana.

Ninunue kamusi gani?

Ya Kiingereza kwa Kiswahili uwe nayo kwa haraka zako. Ya kujifunzia iwe ile iliyoandikwa kwa ajili ya wageni wa Kiingereza, yenye mifano. Kama hujui uanzie wapi, kwenye intaneti kuna orodha ya bure iitwayo Oxford 3000, maneno ya msingi yaliyopangwa kwa ngazi kuanzia A1 hadi B2. Kabla ya kulipa dukani fungua penye "make". Ukikuta "make a mistake" na "make tea" ndani ya sentensi kamili, toa pesa. Ukikuta "tengeneza" tupu, mrudishie muuzaji.