Nyaya nyembamba kuliko unywele: maswali yenu kutoka Lamu na Malindi

Tangu tuzigusie nyaya za nano, zile za silikoni na jamaa zake zenye unene wa nanomita 100 au chini (unywele una kama 80,000), maswali yamemiminika. Haya machache.

*Mimi ni sonara, Langoni. Nasikia nyaya hizo huoteshwa kwa dhahabu. Dhahabu ya nini, ikiwa waya wenyewe ni silikoni?*

Fundi, wewe utalielewa upesi kuliko wengine, maana unajua lehemu huyeyuka kabla ya pete. Dhahabu peke yake huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,064 za selsiasi, silikoni 1,414. Zikikutana kwa kadiri yake, atomi moja ya silikoni kwa kama nne za dhahabu, 363 zinatosha. Basi kibao cha silikoni hutiwa chembe za dhahabu, kikaingizwa tanurini, chembe zikayeyuka kuwa matone, kikapitishiwa sileni, gesi ya silikoni na hidrojeni. Gesi huvunjikia juu ya tone, silikoni ikazama ndani mpaka tone likashiba. Likishashiba, ziada hugandia chini yake kuwa fuwele, na tone likainuliwa juu kadiri waya unavyoota. Tone dogo, waya mwembamba. Wagner na Ellis wa maabara za Bell, Marekani, waliieleza njia hii mwaka 1964.

Ila dhahabu ina kero yake: atomi zake zikibaki ndani ya silikoni hunasa elektroni, ndiyo maana viwanda vya chipu haviitaki karibu.

*Kama hauonekani, mtu anajuaje kwamba umeota? (Mwanafunzi, Malindi)*

Dalili ya kwanza ni ya macho tu: kibao kilichoingia kiking'aa kama kioo hutoka kimefifia, pengine kimepiga weusi, kwa kuwa msitu wa nyaya unameza mwanga. Kisha hadubini ya elektroni. Kitazame kutoka juu na utaona vinukta. Kiinamishe kidogo, nyaya zinajitokeza, kila mmoja na tone lake kichwani. Hadubini ya aina ya pili hupitisha elektroni ndani ya waya wenyewe, hata safu za atomi zikaonekana. Hapo ndipo aibu hufichuka: waya wa galiamu na aseniki, mathalani, unaweza kubadili mpangilio wa fuwele njiani mara kadhaa, na kwa nje umenyooka vizuri tu.

Bado umeme. Waya hulazwa juu ya kihami, ukabandikwa miguso ya metali. Weka minne: miwili ya kupitisha mkondo, miwili ya kupimia volti. Ukitumia miwili tu, ukinzani wa viungo unajumlishwa na wa waya, nawe hujui umepima kipi. Na usipime mmoja ukausemea msitu mzima. Watu hukimbilia picha kwa sababu zinapendeza. Mimi huuliza vipimo kwanza.

*Mchanga wa vilima vya Shela je, hautufai?*

Silikoni imo mchangani, ndiyo, lakini imeshikana na oksijeni, na kuitenganisha kunataka tanuri la umeme na kaboni, kisha usafishaji mrefu. Vilima vile vinatutunzia maji matamu. Viacheni.

*Nafundisha fizikia Malindi. Wanafunzi wangu wanaweza kuotesha?*

Kwa sileni, hapana mwalimu: huwaka yenyewe ikigusana na hewa. Jaribu shaba nyekundu. Sugua kipande mpaka king'ae, kiweke kwenye tanuri la maabara lenye hewa ya kawaida, nyuzijoto kama 500, kwa saa kadhaa. Uso huota nyaya za oksidi ya shaba, nayo ni nusukipitishi, yaani hupitisha umeme kiasi tu. Kipoe polepole, la sivyo gamba jeusi litabanduka na kazi yote. Kuziona kutahitaji chuo kikuu chenye hadubini ya elektroni, waombeni mapema.

*Niko Pate, nataka umeme wa kuhifadhi samaki. Ningoje paneli za sola za nyaya hizi?*

Mwaka 2013 watafiti wa Lund, Uswidi, na wenzao waligeuza asilimia 13.8 ya nishati ya mwanga kuwa umeme kwa nyaya za indiamu na fosforasi zilizofunika kama asilimia 12 tu ya uso. Ni kazi kubwa, lakini ni ya maabara. Paneli za dukani ni za silikoni ya kawaida na zinazidi kiwango hicho. Kama samaki wako wanaharibika leo, nunua hizo.