Mtwara hadi Lindi kwa baiskeli kupitia Newala: anza na maji, kilomita zifuate

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako kwa makini. Wewe na mwenzako mnataka kutoka Mtwara mjini hadi Lindi kwa baiskeli ndani ya wiki moja, mnataka kukwepa barabara kuu, na mmekwisha kupiga hesabu ya kilomita 80 kwa siku kwa sababu ndizo mlizozizoea kwenye lami ya Morogoro. Mimi ni mkazi wa Lindi na njia za ndani za huku nimeziendesha kiangazi baada ya kiangazi, kwa hiyo nitasema wazi: hesabu hiyo iwekeni kando kwanza. Katika Uwanda wa Makonde, zile nyanda za juu mtakazopita hadi Newala, siku ya mwendesha baiskeli hupimwa kwa maji na mchanga, na kilomita huja baada ya hayo mawili.

Uamuzi wenu wa kukwepa barabara kuu ni sahihi. Kutoka Mtwara kupitia Mikindani na Mingoyo hadi Lindi ni kilomita zipatazo 110 za lami, na mtu mwenye pumzi anaweza kuzimaliza kwa siku moja. Lakini barabara hiyo ndiyo inayobeba malori ya makaa ya mawe yanayotoka upande wa Songea kwenda bandari ya Mtwara, malori ya saruji, na kuanzia Oktoba malori ya korosho pia. Ukingo wake ni mwembamba, na malori mawili yakipishana hapabaki nafasi ya baiskeli. Njia ninayowashauri ni ndefu zaidi: mpande kusini-magharibi kupitia Naliendele, Nanguruwe, Nanyamba na Tandahimba hadi Newala, ambayo iko karibu kilomita 140 kutoka Mtwara, kisha mgeuke kaskazini kupitia Kitangari na kushuka hadi Mtama, na hapo ndipo mtakapoikuta lami ya kwenda Mingoyo na Lindi.

Sasa nieleze habari ya maji, kwa kuwa ndiyo inayowashinda wageni wengi. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaonyonya mvua yote, hivyo juu kule hakuna mito wala chemchemi za kutegemea. Maji hujitokeza chini, kwenye miguu ya mteremko na mabondeni. Kwa vizazi vingi kina mama walishuka genge na kupanda tena wakiwa na mitungi kichwani, na hata mradi wa maji wa Makonde, ulioanza tangu enzi za ukoloni, kazi yake kubwa ni kusukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha juu. Pampu ikisimama au umeme ukikatika, kijiji kizima hurudi kwenye visima vya kuvunia maji ya mvua, na ifikapo Septemba visima hivyo vingi huwa vimekaribia kukauka. Kwa sababu hiyo, kila mmoja wenu abebe chombo cha lita tano mbali na chupa za kwenye fremu, na msiondoke mahali penye maji bila kukijaza hata kama mnaona kijiji kinachofuata kiko karibu. Maji ya dumu yanauzwa, nayo myanunue. Msimwombe bure mama aliyeyalipia au aliyeyafuata mbali. Ya kunywa yachemsheni au myatie dawa, maana ya visima vya mvua hukaa muda mrefu.

Jioni, kabla ya kulala, ulizeni jambo moja tu kuhusu kesho: maji yako wapi kati ya hapa na pale tunapokwenda? Jibu likiwa hakuna, siku hiyo ifupisheni au mwondoke alfajiri zaidi.

Mchanga nao una tabia zake. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, kina lami, na kuna mradi wa kuiendeleza lami hiyo hadi Newala na Masasi. Penye ujenzi mtakutana na njia za mchepuko ambazo kwa baiskeli ni mbaya kuliko barabara ya zamani, kwa kuwa magari yameusaga udongo hadi ukawa unga mwekundu. Mkiacha njia kuu na kuingia vijiani, kati ya mikorosho, mchanga huwa wa kina katikati ya njia na mgumu pembeni, pale wanapopita watembea kwa miguu. Fuateni kijia hicho cha pembeni. Punguzeni upepo wa tairi mpaka ikibonyezwa kwa dole gumba iitike kidogo, tumieni gia nyepesi, na msikate kona kwa ghafla. Mtu wa kumwuliza ni dereva wa bodaboda, kwa sababu yeye huijua njia kwa matairi mawili kama ninyi. Akisema kuna kipande kirefu cha mchanga, mwaminini. Mwenyeji anayetembea kwa miguu atawaambia ni hapo mbele tu, naye atakuwa mkweli kwa kadiri ya mwendo wake. Programu ya ramani ipakueni mapema kwenye simu, ila mkumbuke kwamba mara nyingi huchora kijia cha shambani na barabara ya gari kwa mstari unaofanana.

Kwa mpango wa wiki moja, ningelala Nanyamba, kisha Tandahimba, kisha Newala, na Newala ningekaa siku nzima bila kuendesha. Mji uko ukingoni mwa uwanda, hewa yake ni ya baridi asubuhi, na pale Shimo la Mungu ardhi inakatika na bonde lote la mto Ruvuma linaonekana hadi Msumbiji. Mapumziko hayo yana faida nyingine: magurudumu yanakaguliwa, nguo zinafuliwa, na miguu inajiandaa kwa mteremko wa kuelekea Mtama, ambao ukiwa na mzigo huchosha mikono na breki kuliko mnavyodhani. Kagueni mipira ya breki hapo Newala, kabla hamjaanza kushuka. Mkiwa na siku za ziada, mnaweza kutoka Newala kwenda Masasi kuona vilima vya mawe vinavyochomoza tambarare, kisha mkashuka kupitia Ndanda na Nyangao; lakini sehemu hiyo ni lami yenye malori niliyoyataja, basi iendesheni kati ya alfajiri na saa nne asubuhi.

Kwa nini nasema mwanzie Mtwara na si Lindi? Kwa ajili ya kusi. Kuanzia Aprili hadi Oktoba upepo huo huvuma kutoka kusini-mashariki, hivyo mtu anayetoka Newala kwenda kaskazini anao mgongoni, na anayeiendesha lami kutoka Lindi kwenda Mtwara anao usoni siku nzima. Wakati bora ni Juni hadi Agosti: mvua zimekwisha, barabara zimekauka, jua si kali. Siku za miezi hiyo ni fupi kidogo, na kufikia saa kumi na mbili na nusu jioni giza limeingia, kwa hiyo lengeni kufika saa tisa. Jambo moja la miezi hiyo wageni hawaambiwi: ndio msimu wa kuipulizia mikorosho salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na kazi hiyo hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali majani, yaani saa zile zile mnazotaka kuendesha. Vumbi lake huwasha macho na kukaba kifua. Bebeni miwani na kitambaa cha kufunika pua, na mkisikia mashine ya kupulizia mbele yenu, simameni mpaka imalize. Angalieni pia kalenda: ikiwa ni Ramadhani, mchana mama ntilie wengi wa huku hawapiki, kwa hiyo mtabeba chakula cha mchana au mtafunga pamoja na wenyeji. Nje ya Ramadhani hamtalala njaa. Kuna wali wa nazi, mihogo, samaki wakavu, na mkibahatika ming'oko, yaani viazi vya porini, ya kuchemsha kando ya barabara.

Kuhusu baiskeli, nina msimamo mmoja ambao siubadilishi: njoni na baiskeli ambayo fundi wa kijijini anaweza kuitengeneza. Vijijini huku mtapata tairi na tyubu za inchi 28 za Phoenix na za inchi 26, na nje ya hizo msitarajie kitu. Zile baiskeli nyepesi za mashindano, zenye tairi jembamba na mdomo mwembamba wa kujazia upepo usioingia kwenye pampu ya fundi, ziacheni nyumbani. Tairi pana la inchi mbili linatosha. Bebeni tyubu mbili kila mmoja, viraka na solusheni, spoku chache za urefu wa ringi zenu, kipande cha mnyororo na pampu yenu wenyewe. Keria iwe ya chuma, iliyochomelewa, na mizigo ikae chini kwa uwiano pande zote mbili. Ikikaa juu, mchangani itawaangusha.

Mkifika kijiji ambacho hamtalala gesti, nendeni kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, mjitambulishe kwa vitambulisho vyenu na kueleza mnakotoka na mnakokwenda. Wazee waamkieni ipasavyo kabla ya kuuliza njia. Hili lina uzito zaidi upande wa Ruvuma. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na watu wenye silaha waliovuka kutoka Msumbiji, na tangu hapo wageni wasiojulikana mpakani huulizwa maswali, kwa haki kabisa. Mto wenyewe una mamba na viboko. Bonde litazameni kutoka Newala na msishuke hadi mtoni bila ruhusa ya uongozi wa eneo na mwenyeji wa kuwaongoza.

Andikeni pia hospitali zilizo njiani: Ligula mjini Mtwara, ya wilaya Newala, Nyangao karibu na Mtama, Ndanda na Mkomaindo kama mtapitia Masasi, na Sokoine hapa Lindi. Kutoka Mingoyo hadi Lindi zimebaki kilomita zipatazo 25. Kwa kurudi, mabasi ya Dar es Salaam huondoka Lindi asubuhi mapema. Nendeni stendi jana yake, mkubaliane nauli ya baiskeli na kondakta, na siku ya safari mzifungue pedali na kugeuza usukani kabla hazijapakiwa. Mkishachagua tarehe, ziandikeni hapa pamoja na ukubwa wa tairi zenu, nami nitawaambia hali ya maji kati ya Tandahimba na Newala kwa wiki hiyo.