Jibu: Radi imepiga mnazi wa jirani, king'amuzi changu kimeungua

Pole sana ndugu yangu wa Mbezi. Unauliza king'amuzi kimeunguaje wakati ulizima swichi ya ukutani na radi haikugusa nyumba yako. Mkondo wa umeme wa radi hufikia ampea 30,000 hivi, tena kwa kufumba na kufumbua. Uga wa sumaku (eneo lenye nguvu ya sumaku) unaouzunguka mkondo huo hubadilika ghafla na kuzusha volti kwenye waya wowote mrefu ulio karibu. Kwako nashuku waya wa dishi. Mimi yalinikuta Kimara: plagi nilichomoa, wa dishi nikausahau. Asubuhi tundu la waya huo kwenye king'amuzi jeusi tii!

Wingu likianza kutanda, chomoa plagi na waya wa dishi. Ngurumo zikishaanza, usiguse plagi wala waya. Ethi (waya unaopeleka umeme ardhini) aipime fundi umeme mwenye leseni. Na ukiwa nje nywele zikakusimama, huo ni uga wa umeme wa wingu. Kimbilia ndani, siyo chini ya mwembe.