Re: Kwa nini WWE haipati mastaa wapya?

Salama mkuu. Unauliza kwa nini warithi wa John Cena, staa mkubwa wa WWE (kampuni ya mieleka ya Marekani), hawapatikani wakati vijana wenye vipaji wamejaa. Mimi huangalia kwanza mtu anavyopoteza mkanda wa ubingwa, maana kupewa ni rahisi. Mcheki Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana. Aprili 2019 kampiga bingwa Daniel Bryan kwenye WrestleMania, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, kachukua mkanda, watu wanalia kwa furaha. Oktoba, Brock Lesnar kamnyanyua na F-5 (pigo lake la kumalizia) moja tu, sekunde kumi hazijafika, mkanda umeondoka! Halafu Kofi akarudishwa kwenye mechi za timu kama hakuna kilichotokea. Kevin Owens naye, akiwa bingwa 2017, alimalizwa na Goldberg, mzee wa miaka 50, kwa sekunde 22. Mtazamaji amwamini nani hapo? Lakini Cody Rhodes alishindwa kuchukua mkanda 2023, WWE wakamvumilia, akauchukua 2024.