Mjane wangu wa 1932 anaweza kuwa na hati ya shamba?

SWALI: Shikamoo mhariri. Naandika riwaya ya mambo ya kale, ni mjane wa Gem, kwa Wajaluo, mwaka wa 1932. Bwana amekufa, shemeji anakuja kumtoa shambani, mama anaingia kwa nyumba anatoa hatimiliki iko na jina lake, shemeji anashika njia anaenda. Wenzangu wa kikundi cha WhatsApp wanasema haiwezekani, mwingine akaniambia nimfanye tu alie mpaka mwisho. Mimi wajane wa kulia nimewasoma wakanitosha. Sasa nifanye aje?
– Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Marahaba dadangu. Kwa hati wenzako wako sawa, kwa machozi wamekosea kabisa.

Tuanze na hati. 1932 hakuna mtu Gem alikuwa na hatimiliki, si mama si shemeji. Ardhi ya rizavu, yaani ile wakoloni waliwatengea Waafrika, ilihesabiwa kuwa ya kabila lote, na hata hiyo haikuwa salama manake mwaka huohuo wa 1932, dhahabu ikiwa imeonekana Kakamega, serikali ya wakoloni ilibadilisha sheria yake yenyewe ndio iweze kukata kipande cha rizavu wachimbe bila kuwapa wenyewe ardhi ingine. Kwa hivyo shemeji anakuja mikono mitupu kama huyo mama. Chenye ako nacho ni mdomo, ukoo nyuma yake, na ule ujasiri wa mtu anajua wazee watamsikiza yeye kwanza.

Na mama ako na nini? Ako na vingi, na hapo ndio riwaya yako iko. Kwa Mjaluo wa wakati huo kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake ya kulima, na dero yake ya kuweka mtama. Shamba la nyumba linaenda kwa vijana wa hiyo nyumba. Kwa hivyo mjane mwenye kijana, hata kama ni wa miaka minne anavuta kamasi, amesimama mahali tofauti sana na mjane mwenye wasichana watupu. Hata tero, yaani kurithiwa kwa mjane, usiiandike kama mtu anabebwa kama kuku. Jater, yule mwanaume anarithi, ndiye anaingia nyumba ya mama, na watoto watakaozaliwa wanahesabiwa ni wa marehemu. Sasa niambie, huyo shemeji wako anataka mke ama anataka hiyo nyumba isiwe na kijana mwingine? Ukijibu hilo umepata sura tano.

Haya mambo ya mali ndio yanaamua mwanamke ataandikwa aje, sio huku tu. Uingereza, mwanamke akiolewa, pesa zake na vitu vyake vilikuwa vinakuwa vya bwana, mpaka sheria za 1870 na 1882 zikabadilisha. Ndio maana riwaya zao za zamani mabinti wanawaza ndoa tu. Watu husema ni mapenzi, lakini ukisoma Pride and Prejudice ya 1813 utaona wasichana watano na nyumba ambayo baba akifa inaenda kwa binamu wa kiume, sasa mama yao atakosaje kupiga kelele za wachumba? Mwanamke wa kujiwekea sahihi mwenyewe alikuwa mjane ama yule hajaolewa, na angalia vile mjane tajiri huchorwa, mkali, anaogopwa. Hiyo sheria ya 1882 usiione iko mbali, korti zetu hapa Kenya ziliitumia kugawa mali ya ndoa hadi tukatunga yetu 2013.

Hadithi zetu pia zina sura zake. Bibi kizee anaitwa mchawi kwa hadithi, mimi huuliza kwanza shamba lake limepakana na la nani.

Na kama unataka kuona mjane haketi kulia, rudi kwa The River and the Source ya Margaret Ogola, 1994, vile Akoko akinyanyaswa na shemeji yake anafunga safari kuja Kisumu hapa kumweleza mzungu wa serikali. Hana karatasi yoyote. Ako na kesi, na anaijua yote kichwani.

Hapo namwona kukhu wangu, yaani nyanya yangu. Miaka ya 1960 wapimaji walikuja kwetu upande wa Vihiga, na yeye ndiye aliwatembeza, kutoka kwa mti wa omurembe mpaka kwa mtaro, huku mkonge aliupanda mwenyewe, pale jiwe aliloviringisha na mamake mkwe. Alijua mpaka wote kwa miguu. Karani akaandika, akafunga kitabu, na jina lililoingia ni la mdogo wa marehemu babu. Na kwa sheria ya ardhi ya 1963 usajili wa kwanza haungeguswa, hata ukionyesha kulikuwa na udanganyifu. Alilima hapo mpaka akafa, kwa ruhusa.

Kwa hivyo mama yako mtoe hiyo hati mkononi. Mpe jembe, mpe mvua ya kwanza ya Machi, alfajiri anafika anakuta shemeji ameshaanza mistari mitatu kwa shamba lake, na yeye bila salamu anaanza kufukia hiyo mistari mmoja mmoja, mtoto mgongoni. Wazee wataitwa tu, na watu wameona nani alikuwa analima.

Na ukitaka hati lazima iwe ndani, sogeza hadithi mbele mpaka miaka ya 60. Lakini basi itabidi uamue jina limeandikwa ni la nani, na mimi naona ni la shemeji.