Maswali ya wasomaji: Tukapande Rungwe hadi kileleni kuona miti mikubwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, klabu yetu ya matembezi hapa jijini Mbeya inakusudia kwenda Mlima Rungwe kwa siku moja kuona miti mikubwa ya asili. Baadhi ya wanachama wanashikilia kwamba tupande hadi kileleni, wakiamini huko ndiko iliko mikubwa kupita yote. Wengine wanauliza tutaipimaje tukishaifikia. Tunao pia wazee wachache. Mnatushauri nini? (Katibu wa klabu, Mbeya)

JIBU: Ndugu Katibu, tuanze na kilele, kwa kuwa ndicho kitakachowaharibia safari msipokiacha. Kilele cha Rungwe kinakaribia mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, na joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Baridi hiyo, ikiungana na upepo, hufanya miti izidi kuwa mifupi kadiri mnavyokwenda juu, mpaka mnaiacha nyuma na kuingia kwenye mianzi, vichaka na nyasi. Majitu mnayoyatafuta yamesimama kwenye miteremko ya chini na mabondeni, penye udongo wa volkano wenye kina na unyevu. Hata mkukusu wa Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2016 kuwa mti mrefu kuliko yote ya asili inayojulikana Afrika kwa mita zake 81.5, uliota bondeni, mbali kabisa na theluji. Kikundi kinachotaka kilele na miti kwa siku moja kitashinda kikitazama visigino vya aliyetangulia, na wazee wenu watakuwa wa kwanza kulilipia hilo.

Kuhusu vipimo, chukueni futi ya fundi cherehani au kamba, mzungushe shina katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kisha mgawanye mzingo huo kwa 3.14 ili mpate kipenyo. Mti wenye mizizi iliyotanuka kama kuta hupimwa juu ya kuta hizo, la sivyo mtaupa unene usio wake. Jihadharini pia na miti ya jamii ya mkuyu: mbegu yake huweza kudondoshwa na ndege kwenye tawi la mti mwingine, ikaota hukohuko na kuteremsha mizizi inayomzunguka mwenyeji wake, ambaye baada ya miaka mingi hufa na kuoza, na kinachobaki kikionekana kama shina moja nene ni mizizi iliyoungana ikiwa na uwazi katikati. Urefu ni kazi ngumu zaidi. Ile njia ya kushika kijiti wima, chenye urefu sawa na umbali wa kutoka jichoni hadi kwenye ngumi, na kurudi nyuma mpaka kijiti kiufunike mti mzima, ili umbali wa kutoka hapo hadi shinani uwe ndio urefu wa mti, hufaa uwanjani, penye ardhi tambarare. Ndani ya msitu wenye mteremko, ambamo kilele cha mti hakionekani, ridhikeni na unene.

Mwanachama atakayedai kwamba milingoti (mikaratusi) ya shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi ingetosha, mwambieni kuwa mlingoti asili yake ni Australia na hupandwa ili uvunwe. Msitu wa Rungwe umejiotea wenyewe, na matawi yake yaliyoshikana ndiyo njia ya kipunji, kima mwenye nywele zilizosimama utosini ambaye wanasayansi walimtambua hapo mwaka 2003, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimfahamu tangu zamani. Mkitaka kumwona, punguzeni soga.

Nendeni kati ya Juni na Oktoba, kwa sababu kuanzia Novemba hadi Mei mvua ya Rungwe haina mzaha na njia huteleza. Juni na Julai msisahau sweta. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, maana siafu wapo. Msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo ombeni kibali mapema na mpate mwongozaji, ikiwezekana wa vijiji vya jirani, anayejua ni bonde lipi lenye miti minene na linalofikika kwa miguu ya wazee.