Mtoto akikuuliza "nikifa naenda wapi", usikimbilie kujibu

Wadogo zangu mnaoanza wodi ya watoto wenye kansa, kuna swali litawakuta tu, na mara nyingi ni usiku, mama kasinzia pale chini kwenye mkeka, mtoto anakuangalia unavyobadilisha dripu halafu anakwambia sista, nikifa naenda wapi?

Mi mara ya kwanza nilijibu hapohapo, nikamwambia utaenda mbinguni kwa Yesu. Mtoto mwenyewe Muislamu, na mama yake kumbe yuko macho anasikia. Hakunigombeza, alijifunika khanga usoni akageukia ukutani. Mpaka leo naumia. Wao wana maneno yao, mtoto ambaye hajabaleghe anaenda peponi, huko yuko kwenye malezi ya Nabii Ibrahim, na hayo ndo yalikuwa yanamshikilia yule mama, mi nikaja kumvurugia.

Siku hizi namuuliza yeye kwanza. We unaonaje? Nyumbani wanasemaje? Halafu nanyamaza. Utashangaa, mara nyingi wala hata si dini anayouliza. Kuna mmoja wa miaka 8, taya limeanza kuvimba tena baada ya kemo (zile dawa za kansa), yeye alishajua anaenda kwa bibi yake aliyefariki, shida yake ilikuwa moja tu: bibi atanijua kweli, na mimi sina nywele? Ningeanza mahubiri hilo nisingelisikia. Nikamwamsha mama. Mama akampapasa kichwa akamwambia, bibi ndo alikupokea siku unazaliwa, ulikuwa na kipara hivihivi, atakupotezaje? Mtoto akacheka, akaomba uji.

Ila kama anaumia mpe kwanza mofini yake ya maji kwa wakati, huwezi kuongea na mtoto anayelia maumivu.

Na mwenzao wa kitanda cha pili akifariki msiwaambie "amelala". Hawa wadogo wa miaka 4, 5 bado hawajaelewa kwamba aliyekufa harudi, utamfanya aogope kufumba macho. Hata "Mungu kampenda zaidi" niliacha, maana aliyebaki anaanza kuogopa kupendwa.

Wazazi wengine watakwambia usimchulie mwanangu. Waelewe, msiwapite pembeni mkaongee na mtoto kwa siri. Mi huwa nawaambia utafiti wa Sweden wa 2004 kwa wazazi waliofiwa na watoto kwa kansa: 147 walioongea na mtoto habari za kifo hakuna hata mmoja aliyejuta, na katika 258 ambao hawakuongea, 69 walijuta. Wengi wao hawakujuta pia, kwa hiyo silazimishi, namwachia mzazi afikirie halafu kesho namrudia.

Halafu mkikabidhiana zamu mwambie mwenzio neno wanalotumia pale kitandani, kama ni peponi, mbinguni au kwa bibi, asije mtoto akauliza saa tisa usiku akatajiwa mahali pengine.